Siku Tuliyosubiri Maji Yapungue

Nsambwe, Kasansa
14 Aprili 2024

Mdogo wangu Agatha,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba karatasi hii ikukute mzima huko Galway, na hiyo baridi yenu isiwe imekushika kifua tena. Sisi tupo. Wifi yako Pudensiana anakusalimia sana, mguu wake umepata nafuu. Katarina wetu alimaliza kidato cha nne, sasa yuko Mpanda, pale Majengo, anajifunza kazi. Mpunga umechanua. Jana jioni nilipita mashambani, ile harufu ikanisimamisha. Nikakukumbuka ulivyokuwa unakaa juu ya dungu na debe lako, unaamia ndege huku unaimba nyimbo za kanisani kwa maneno uliyoyatunga mwenyewe, mpaka mama anakuja kukunyamazisha.

Mwaka huu mvua imezidi. Tarehe ishirini na mbili Machi mto ulibeba daraja letu la magogo lote, hata nguzo hatukuziona tena. Watoto hawajaenda shule, hii ni wiki ya tatu, kwa sababu shule iko ng'ambo. Zahanati nayo iko ng'ambo. Mama mmoja mwenye homa alikaa siku nne anasubiri maji yapungue. Alipona, tunashukuru.

Mkutano wa kitongoji ulikaa. Wakasema, "Mwalimu, wewe una ndugu Ulaya, mwandikie." Nikawaambia ndugu yangu anahudumia wazee, si waziri. Wakasema niandike hivyo hivyo. Basi nimeandika. Usijisumbue kwa lisilowezekana.

Simu hapa inashika siku ikitaka. Barua nampa dereva wa basi aifikishe Majengo, kwenye duka la Kasimu la kutoa kopi. Wataipiga picha wakutumie. Nawe ukiandika tuma huko huko, watanichapia.

Kaka yako,
Gabrieli


Galway
5 Mei 2024

Kaka Gabrieli,

Shikamoo. Milele amina. Barua yako ilinikuta kazini, nikaisomea kwenye chumba cha mashuka, nimesimama. Niliisoma mara tatu. Mimi ni mzima, kifua kimetulia. Msalimie wifi, mwambie asikaze mguu kwa kazi za shamba, nyie watu wa huko hamjui kupumzika. Na Katarina mpe pongezi zangu. Kazi gani anajifunza? Hukusema.

Kaka, hapa mvua inanyesha karibu kila siku, lakini haina harufu. Miaka kumi na minane sijaizoea. Kwetu tone la kwanza likianguka mtu anajua hata akiwa ndani amelala. Juzi nilimwambia bibi mmoja ninayemhudumia kuhusu wali wa mpunga mpya na kambale wa kukaushwa, akaniambia nimfafanulie tena, na tena. Nadhani sasa anaujua mto wetu kuliko mji wake.

Nimeongea na watu wa parokia hapa. Akina mama wana kamati, watanipa ukumbi Jumapili moja ya Agosti. Nitapika, watakula, watachangia. Ila wanahitaji picha. Tafuteni mtu mwenye simu nzuri awapige picha zinazoonyesha hali yenu ilivyo.

Usiseme nisijisumbue. Mto ule ni wangu pia.

Mdogo wako,
Agatha


Nsambwe
23 Juni 2024

Mdogo wangu Agatha,

Amani kwako. Tunavuna. Magunia si mengi, maji yalilaza sehemu ya chini yote, lakini tutakula. Pudensiana amekuwekea mchele wa kuonja, ingawa hatujui utafikaje.

Picha hizi hapa. Alizipiga mwalimu mkuu wa shule. Nilitangaza baada ya kuongoza ibada kwamba Jumanne kuna picha za kwenda Ulaya, za kuombea daraja. Nilikosea kutangaza. Jumanne watu walifika wameoga na kupaka mafuta. Mzee Telesphor alivaa koti alilofungia ndoa, na akina mama walivaa vitenge vya Pasaka. Watoto walikuja na viatu, na asiye na viatu aliazima kwa mwenzake aliyekwisha kupigwa picha, ukitazama vizuri utaona viatu vile vile vya bluu kwenye picha tano. Mwalimu mkuu akawaambia wasimame karibu na mto wafanye nyuso za huzuni. Wakajaribu, wakacheka.

Na mto wenyewe, ulivyo mjanja, umepungua. Kwenye picha unaonekana kama mfereji.

Sikuweza kuwaambia wavue yale makoti na vitenge.

Kaka yako,
Gabrieli


Galway
18 Agosti 2024

Kaka Gabrieli,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Nilicheka kwa zile picha mpaka nikalia. Nimeziweka ukutani. Ninamtambua kila mtu, hata wale waliozaliwa nyuma yangu, kwa paji la uso na masikio ya wazazi wao.

Lakini mwenyekiti wa kamati, mama mwema kabisa, alizitazama akasema, "Agatha, hawa watu wanaonekana wana hali nzuri." Nikamjibu wamevaa kwa heshima yenu. Akasema anaelewa, ila watu wa ukumbini hawataelewa.

Jumapili ilipofika nilipika sufuria nne za wali. Watu walikula, wakasifu, wakawa wanavaa makoti waondoke. Nikaona daraja linaondoka nao. Kaka, nikashika kipaza sauti, nikawaambia habari za Lusia. Niliwaambia nilikuwa na dada, na kwamba mwezi Machi mwaka 2006 alishikwa na uchungu, kaka yetu akampeleka kwa baiskeli, wakafika mtoni, mto umejaa. Nikawaambia alifia pale ukingoni, zahanati inaonekana kwa macho ng'ambo, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuwasaidia. Nikasema mtoto wake yuko hai, ana miaka kumi na minane, ni binti mzuri.

Watu wakavua makoti. Wengine walirekodi kwa simu. Fedha zilizopatikana siku ile na wiki zilizofuata zimefika zaidi ya nusu ya daraja la kamba za chuma, na kamati inaendelea. Zitapitia parokiani kwenu, kwa Padri Séverin.

Najua hupendi kumzungumzia Lusia. Naomba usinikasirikie. Nilimtumia kama mtu anavyotumia alichobakiwa nacho.

Mdogo wako,
Agatha


Galway
3 Novemba 2024

Kaka,

Hii ni ya tatu bila jibu. Kule dukani wanasema barua zangu zimefika na zimechapwa. Padri Séverin anasema mko wazima. Kama ni hasira, niandikie hasira hiyo. Leo tumesali kwa ajili ya marehemu, nikawasha mishumaa mitatu, baba, mama na yeye. Niandikie hata mstari mmoja.

Agatha


Nsambwe
15 Desemba 2024

Mdogo wangu Agatha,

Tumsifu Yesu Kristo. Tuko wazima. Mvua za kwanza zimeanza, tumesia mbegu bondeni.

Uliniuliza Katarina anajifunza kazi gani, sikukujibu. Anafanya kazi kwa Kasimu. Ndiye anayepiga picha barua zangu na kuchapa zako. Nilifurahi kimoyomoyo kwamba maneno yetu yanapita mikononi mwake, nikaona kama ni njia ya yeye kuwajua ndugu zake. Wewe hukujua hilo. Na kitu kingine hukujua: sisi tulimlea tukimwambia mama yake Lusia alifia hospitali, kitandani, akihudumiwa. Niliwaomba watu wote wa Nsambwe waseme hivyo, nao wamesema hivyo miaka yote. Mimi nilijiambia ni kwa sababu njia ya shule inapita mtoni, sitaki auogope.

Barua yako ya Agosti aliichapa mwenyewe. Alikuja nayo kwa basi, halafu pikipiki, akanikuta napukuchua mahindi. Akanipa. Akasimama mpaka nikamaliza kusoma.

Akaniuliza, "Baba, ni kweli?"

Nikasema, "Ni kweli."

"Na hapakuwa na mtu?"

Agatha, ningeweza kusema hapakuwa na mtu. Wewe ulishasema hivyo mbele ya ukumbi mzima. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ya Lusia. Nikamwambia alikuwapo mtu. Nakuambia na wewe leo, kwa sababu hujawahi kuambiwa.

Unamkumbuka Mabula, Msukuma aliyehamia ng'ambo na ng'ombe zake mwaka ule ulipokuwa unajiandaa kuondoka. Wiki moja kabla, ng'ombe zake waliingia shambani kwangu wakala mpunga karibu ekari nzima, nasi tukaitana majina mabaya mbele ya mtendaji. Siku ile ya Lusia ilikuwa mchana, saa nane hivi. Mabula alituona kutoka ng'ambo. Akafunga maksai wawili kwenye mkokoteni, akaingia mtoni, maji yanawafika mbavuni, mkewe, aitwaye Sikujua, amekaa juu na mtoto wao mchanga mgongoni. Wakavuka wakaja upande wetu. Akaniambia, "Mwalimu, mpandishe haraka, tunarudi naye." Mimi nikamjibu, "Wiki iliyopita ng'ombe zako wamekula mpunga wangu, leo unataka wambebe dada yangu?" Nikasema tutasubiri. Nikasema maji yatapungua.

Lusia alinisikia. Aliniambia, "Kaka, niache nipande." Aliniambia mara mbili. Nikamwambia subiri kidogo.

Tulisubiri kama saa mbili. Mabula hakuondoka, alisimama na maksai wake. Nilipokubali, Lusia alishazaa pale kwenye nyasi mikononi mwa Sikujua, na damu haikukata. Maji nayo hayakupungua siku ile wala kesho yake. Sikujua ndiye aliyemnyonyesha Katarina miezi ile ya mwanzo, pamoja na mwanae Malale. Mabula hajakanyaga uwanja wangu tangu siku hiyo, nami sijakanyaga wa kwake. Pudensiana ndiye alikuwa akimbeba mtoto kwenda na kurudi.

Katarina alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akaenda kwa Sikujua, akakaa huko siku tatu. Aliporudi alisema, "Mama Sikujua amenionyesha mahali." Halafu akaenda kuchota maji kama kawaida yake. Bado ananiita Baba, lakini ananiita mara chache.

Barua hii nimemwambia aisome kabla ya kuituma. Sitaki kitu kingine kimpite.

Gabrieli


Galway
2 Machi 2025

Kaka Gabrieli,

Shikamoo. Niliipata barua yako siku mbili kabla ya Noeli. Miezi miwili na zaidi nimekuwa naanza kujibu naacha. Mwanzoni nilikuchukia, sitakuficha. Nilimchukia hata yule wewe wa siku ile, katekista mwenye koti la kanisani, anayesubiri maji. Nikawa namwona Lusia anavyokoboa mahindi, anavyofunga kilemba kwa upande, anavyonipakata nikiwa mdogo ananiita "mkia wangu" kwa sababu nilimfuata kila aendako. Nikawa nasema, angepanda tu.

Halafu nikakumbuka jambo langu mwenyewe.

Wote mnajua kwamba habari za msiba zilinikuta nimekwisha kufika huku. Ndivyo nilivyowaandikia. Si kweli. Nilikuwa bado Dar es Salaam, kwa wale masista walionitafutia kazi. Ujumbe wako ulifika kwa simu ya upepo ya misheni, jioni, na ndege yangu ilikuwa kesho yake mchana. Sista akaniuliza, "Tuahirishe?" Alikuwa tayari kabisa kuahirisha. Nikamwambia hapana, nikienda nyumbani sitarudi tena, mama hataniachia. Nikamwambia asiseme kwamba nimeambiwa. Niliruka. Ndani ya ndege nilikula chakula chote walichoniletea, kaka. Hicho ndicho kinachonirudia, kwamba niliweza kula.

Kwa hiyo mama alizika binti peke yake, huku mwingine yuko angani na habari anazo. Hata alipofariki mama sikuja, nikasema ni karatasi za ukaazi. Karatasi zilikuwepo.

Katarina, mwanangu, kwa kuwa unasoma: mama yako alikuwa mcheshi. Usiache watu wakusimulie kifo chake tu. Alikuwa anaweza kumwigiza padri mpaka padri mwenyewe akacheka. Nitakuandikia yote ninayoyakumbuka, kidogo kidogo, barua zako peke yako.

Agatha


Nsambwe
29 Juni 2025

Mdogo wangu Agatha,

Salamu nyingi. Mavuno ya mwaka huu ni mazuri, tumeweka hadi kwenye chumba cha mama. Nilisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye kaburi la mama, nikamsomea yale yaliyomhusu. Sijui kama nilifanya vizuri. Upepo ulikuwa mtulivu.

Fundi wa madaraja alikuja kutoka Mpanda, akatembea mtoni siku mbili na kamba zake. Akasema upande wetu hakuna shida. Upande wa ng'ambo ni mahali pamoja tu penye ardhi imara ya kuzika nguzo, na hapo ni zizi la Mabula. Mwenyekiti wa kitongoji akaanza kukohoa. Kila mtu akanitazama mimi.

Nilienda Jumatano ya kwanza ya mwezi huu, asubuhi. Katarina alikuwa amekuja mapumziko, akasema atanisindikiza. Mabula amezeeka, Agatha. Anatembea kwa fimbo mbili. Alinikaribisha kwenye kigoda, yeye akabaki amesimama mpaka nilipomwomba akae. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya zizi. Hayakutoka. Nikasema, "Nimekuja kuomba msamaha wa siku ile."

Akasema, "Mwalimu, mimi nina miaka kumi na tisa najiuliza kwa nini sikukusukuma pembeni nikambeba. Ulikuwa mmoja, tena mwembamba. Niliogopa watasema Msukuma amempiga katekista. Basi nikasimama tu kama mti."

Nikamwambia yeye hana kosa. Akasema, "Hilo utaniambia wewe. Mimi nilikuwepo."

Sikujua alileta maziwa, Katarina akayapokea, akatumiminia wote wawili. Hatukuongea tena juu ya siku ile. Mabula akauliza zizi linahitajika lini. Nikamwambia baada ya mavuno. Akasema watalihamisha wiki hiyo hiyo, na kwamba mawe ya msingi yatabebwa na maksai wake, asisikie habari ya kukodi lori. Ndivyo ilivyokuwa. Malale amebeba mawe siku kumi na moja.

Kaka yako,
Gabrieli


Galway
20 Julai 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Leo nimerudi kwenye ule ukumbi. Kamati ilikuwa inasoma taarifa, nikaomba dakika tano. Nikawaambia mwaka jana niliwadanganya bila kujua. Nikawaambia alikuwepo mtu aliyeingia mtoni na maksai wake, na mkewe, na mtoto mchanga, akakataliwa. Sikuwataja wala kuwaambia nani alimkataa. Nikasema anayetaka fedha zake azirudishe, ni haki yake. Mzee mmoja, mkulima, akauliza, "Huyo mtu bado yuko hai?" Nikasema yuko, na anabeba mawe. Akasema vizuri, akakaa. Hakuna aliyedai.

Kamati inataka bango dogo la shaba darajani, lenye jina la Lusia. Nawajibu nini?

Agatha


Nsambwe
18 Januari 2026

Mdogo wangu Agatha,

Tumsifu Yesu Kristo, na heri ya mwaka mpya. Pudensiana hajambo. Katarina amepata nafasi ya chuo cha uuguzi, ataanza mwaka huu, ameniambia nisikuandikie maana anataka kukuandikia mwenyewe. Kwa hiyo jifanye hujui.

Kuhusu bango, nilimpelekea yeye swali. Alisema, "Watu wa huko waandike jina lake huko kwao. Hapa sisi tunamjua." Basi wajibu hivyo.

Daraja lilizinduliwa Oktoba, kama ulivyosikia. Ulichokosa ni kwamba mto ulikuwa mkavu kabisa, mchanga mtupu. Mbuzi walikuwa wanapita chini bila wasiwasi wowote, na sisi juu tumepanga mstari, tumevaa vizuri, kila mmoja akingoja zamu yake ya kuvuka hewa. Padri Séverin alicheka mpaka akashindwa kumaliza baraka. Mabula hakuja. Alisema miguu haimruhusu.

Mvua kubwa ilikuja wiki iliyopita. Siku tatu mfululizo. Ijumaa ilitulia, nikasikia mto kutoka nyumbani, ule mngurumo unaoujua. Pudensiana akaniambia usiende. Nikaenda. Ilikuwa saa nane hivi ya mchana. Maji yalikuwa mekundu, yamejaa toka ukingo hadi ukingo, yanabeba miti mizima. Watoto wa shule walikuwa wamekwisha kupita zamani, wamerudi majumbani kula. Nikapanda darajani. Nilishika kamba kwa mikono miwili. Nilifika katikati nikasimama, nikatazama chini upande wa lile eneo la nyasi. Lilikuwa limefunikwa, hakuna cha kuonekana.

Nilipoinua macho nikamwona Mabula anakuja kutoka upande wake. Ameacha fimbo moja, mkono mwingine ameushika kwenye kamba. Anakuja polepole, daraja linayumba kwa kila hatua yake na yangu. Nilimsubiri. Alifika, akapumua, akatazama maji.

Akasema, "Mengi mwaka huu."

Nikasema, "Mengi kweli."

Nikamuuliza alikuwa anakwenda wapi na miguu ile.

"Nilikuwa nakuja kwako," akasema. "Na wewe?"

Nikamwambia nami nilikuwa naenda kwake.

Tulicheka wote, Agatha, wazee wawili katikati ya mto, tumeshika kamba, tukawa tunabishana ni nani amfuate mwenzake. Yeye alishinda. Akasema yake ni safari ya miaka ishirini, yangu ilikwisha Juni. Nikageuka nikamtangulia, polepole, ili daraja lisimyumbishe. Alikula wali kwangu sahani mbili.

Na wewe njoo. Usingoje uwe na cha kuleta.

Kaka yako,
Gabrieli